Robo ya Wateja

Mpaka leo nikikutana na yule mzee nampa shikamoo yake, maana nimelelewa, lakini moyoni namwambia mengine. Ni kaka wa marehemu mume wa mama yangu mdogo, kwa hiyo kwangu ni baba mkubwa, na baba mkubwa hatukanwi. Kuandika sijakatazwa.

Siku tuliyomzika baba mdogo kule Salale, wanaume hawajamaliza hata kunawa udongo, mzee aliingia uani akauliza simu ya marehemu iko wapi. Ilikuwa kwenye kikapu cha mama mdogo jikoni, imefungwa raba kwa sababu mfuniko wake wa nyuma ulikuwa umelegea. Akaichukua, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Mali ya marehemu ikae mahali pamoja," alisema. Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai ya waliokuja msibani, na namshukuru Mungu kwamba mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Mama mdogo alikuwa keshaingizwa chumbani kukaa eda. Hakuwa na nafasi ya kutoka kumkatalia.

Simu ile ilikuwa ya marehemu kwenye usajili tu. Mama mdogo amemenya kamba tangu hajavunja ungo. Chumvi na magamba vimemla ncha za vidole mpaka zikawa laini kama sabuni iliyokwisha. Siku waliyokwenda Nyamisati kusajili laini, mwenye mashine alimwekesha kidole hiki na kile, mkono huu na ule, mashine ikakataa vyote. Akamwambia bibi, huna alama. Baba mdogo akaweka chake, mashine ikakubali papo hapo. Vidole vyake vilikuwa vizima kabisa, maana kazi yake ilikuwa kusimama gatini akiangalia watu wengine wakipakia boriti za mikoko. Hivyo ndivyo laini ya biashara ya mke ilivyopata jina la mume.

Na biashara ilikuwa yake, sikwambii kwa upendeleo. Alinunua kamba wabichi kwa wavuvi, akawachemsha kwa maji ya chumvi, akawaanika juu ya majamvi, akawapeta, akawapeleka Dar, Ikwiriri, mpaka Morogoro. Miye nina duka la stationery Kibiti. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za watu za maombi ya kazi, na nimesomea kompyuta. Nilipoona mama mdogo anapiga simu kwa mteja mmoja mmoja mpaka salio linamwishia, nikamfungulia akaunti kwenye programu moja ya masoko. Ndani yake tukaingiza wateja wote, tukawapanga: wa jumla, wa mahoteli, wa mwezi wa Ramadhani tu. Ukiandika tangazo moja linawafikia wote kwa meseji. Mteja akijibu neno ODA na idadi ya kilo, programu inaandika yenyewe kwamba fulani ameagiza, na oda inakaa imeandikwa "inasubiri" mpaka useme imefika.

Mteja wa kwanza kuingizwa alikuwa baba mdogo. Nilitaka kujaribu kama meseji zinakwenda, nikatumia namba iliyokuwa karibu, ya laini ile ile. Simu ikalia pale pale, akaisoma kwa sauti: "Mteja wetu mpendwa, kamba wapya wamefika." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akajibu ODA 1, akainuka akaenda jikoni kudai kilo yake. Tangu siku hiyo tangazo likitoka tu, naye anaagiza, na mama mdogo anampikia huku anamtukana. Nilitaka kumfuta kwenye orodha baadaye, nikasahau, na yeye mwenyewe hakutaka kufutwa.

Siku chache baada ya mazishi nikapata barua pepe kutoka kwa wenye programu. Walikuwa wanaifunga ile huduma ya bure. Kila kilichomo kitafutwa mwisho wa mwezi, mwenye kutaka vitu vyake avipakue. Nikafungua akaunti. Majina niliyaona, oda niliziona, lakini namba za simu zilikuwa zimefichwa kwa nyota katikati. Nilipobonyeza kupakua, programu ikaniambia kwamba imetuma namba za uthibitisho kwenye simu ya mwenye akaunti. Simu ya mwenye akaunti ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu.

Nilikaa nikiitazama ile kompyuta kwa chuki. Mama mdogo hakuwa na mtoto. Shamba la mpunga lilikuwa la ukoo wa mume. Nyumba nayo ilikuwa imeshaanza kutazamwa. Kitu pekee ambacho angetoka nacho kwenye eda ni wale watu waliomjua kwa kamba wake, na wale watu walikuwa ndani ya programu ambayo ingekufa kabla yeye hajatoka ndani. Nikafunga duka, nikachukua bodaboda hadi Nyamisati, nikangoja maji yajae, nikapanda boti. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na mengi hayakuwa ya kumwambia mtu mzima.

Mzee alikuwa amekaa kibarazani kwa mama mdogo. Alikuwa ameanza tabia ya kushinda pale, eti analinda. Dirisha la chumba cha mama mdogo lipo hapo hapo nyuma ya kiti, lina pazia.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja na kompyuta yako."

Nikamweleza kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya. Sihitaji simu, baba mkubwa, nahitaji zile namba zitakazoingia, unisomee tu. Akanisikiliza amefumba macho, kisha akaanza kuniuliza maswali taratibu.

"Laini ile jina la nani?"

"La marehemu."

"Na hao wateja wamo ndani ya laini?"

"Hapana, wamo ndani ya programu. Laini ni mlango tu."

"Mlango wa marehemu. Nyumba itakuwa ya nani?" Akafumbua macho. "Basi hao wateja ni mirathi. Mke asiye na mtoto fungu lake robo. Robo yake tutampa, hatumdhulumu mtu. Inayobaki ni ya kaka wa marehemu, ambaye ni miye. Ukikubali kuwagawa hivyo, nakusomea namba zako."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa na boti moja ya kamba, na kamba wake wakikosa mnunuzi huoza, na kila mtu Salale anajua kwamba hajui kuongea na mteja bila kugombana naye. Alitaka wateja walioumbwa na vidole vya mwanamke yule, na alitaka kuwachukua kwa bismillahi.  Nikafungua mdomo.

"Mwanangu!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Mwambie shemeji nimekubali."

Hapa ni lazima nieleze jinsi ilivyokuwa. Mama mdogo yuko kwenye eda, shemeji yake si maharimu wake, hawaonani wala hawazungumzi. Kwa hiyo mzee, aliyekuwa ameegemea dirisha lile lile, alijifanya hakusikia kitu. Alinitazama miye, akingoja niufikishe ujumbe.

"Amesema amekubali," nikasema.

Nikaingia ndani kumgombeza. Alikuwa amekaa mkekani amejitanda nguo nyeupe, amekonda, lakini macho ni yale yale. Alinikamata mkono, akaninong'oneza: "Kwanza zitoke huko. Zikishatoka tutajua. Weye una hasira sana, ndiyo maana huolewi." Hata kwenye eda hakuniacha.

Kazi ya kusoma zile namba ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Mtandao pale unakuja kwa kujisikia. Nikibonyeza, meseji inaingia, mzee anatafuta miwani, anaziba kioo cha simu kwa kiganja nisije nikaiba kwa macho, anasoma tarakimu mbili, anasita, anauliza hii ni sita au nane, na programu inaniambia muda umekwisha, omba nyingine. Tukaanza upya. Mara ya pili akapokea simu ya mtu mwingine katikati. Nilitamani kuinyakua ile simu nikaitupe kwenye matope ya mikoko. Mwishowe zikakubali, mafaili yakashuka polepole, nikafunga kompyuta bila kuaga vizuri.

Kibiti nilianza kazi yenyewe. Yalikuwa mafaili matatu: la wateja, la oda, la meseji. Kuyaacha yalivyo hakunisaidii, maana faili la oda halikutaja jina la mtu, lilisema tu oda hii ni ya mteja namba fulani. Nikatengeneza hifadhidata kwenye kompyuta ya dukani, majedwali matatu yanayojuana, ili kila oda ishike mteja wake na kila meseji imshike aliyeandikiwa. Mara ya kwanza niliharibu. Nilifungua faili la wateja kwa programu ya mahesabu, ikadhani namba za simu ni hesabu, ikazikata sifuri za mbele zote. Nikafuta, nikaanza tena, nikaamuru zisomwe kama maneno. Umeme ukakatika. Ukarudi. Wateja wa dukani wananiita kopi, kopi, nawajibu kwa ukali wasioustahili.

Zilipoingia zote bila mstari kupotea, nikatoa nakala nyingine kwenye flashi, na nyingine nikampa rafiki yangu wa Ruaruke akaiweke kwake. Hapo ndipo niliposema sasa tuigawe hiyo robo ya balaa. Nikajaribu kumtoa mteja mmoja kwenye jedwali nimpeleke fungu la mzee. Hifadhidata ikanikatalia. Ikasema mteja huyu ana oda, hawezi kuondoka na oda ikabaki. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe wakati natengeneza majedwali, ili oda isije ikaning'inia bila mwenyewe. Nikajaribu mwingine, vile vile. Nikaangalia wote. Tangazo la Ramadhani lilikuwa limetoka kabla ya msiba, na karibu kila mtu alikuwa ameagiza. Oda zote zilikuwa zinasubiri.

Nikapanga jedwali la oda pamoja na majina ili nione ni nani na nani. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wa baba mdogo. Kilo moja. Zile za miaka ya nyuma zote zilikuwa na neno "imefika", mama mdogo mwenyewe alikuwa ananipigia niandike. Hii ya mwisho ilikuwa inasubiri. Alikuwa amelijibu tangazo akiwa ameshaanza kuumwa. Nililia palepale mbele ya mtu aliyekuja kupiga picha ya pasipoti.

Siku ya arobaini nilikwenda Salale na karatasi zangu. Kabla ya hitima nikaingia kwa mama mdogo nikamweleza hali: wateja wametoka salama, lakini kila mteja na oda yake, hawaachani.  Akatabasamu, na nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu msiba. Akasema, "Haya. Katoe karatasi zako, ukagawe."

Baada ya dua na pilau wanaume walibaki kibarazani. Mzee akajisafisha koo akatangaza kwamba kuna jambo la mirathi ya wateja wa marehemu, na mtoto huyu ameshawaandika. Nikasimama. Kabla sijafungua karatasi, sauti ikaja dirishani.

"Mwanangu, mwulize shemeji. Kwenye mirathi, marehemu akiwa na deni, kinatangulia nini?"

Wote walisikia. Hata waliokuwa wanakula uani walisikia. Mzee akaniangalia, akingoja.

"Anauliza, kinatangulia nini, deni au mirathi?"

"Deni," akasema mzee, na alifurahi kuulizwa. "Deni linatangulia. Hata mtoto wa chuoni anajua."

"Basi mwambie," ikasema sauti, "wateja kama ni wa marehemu, na oda zao ni za marehemu. Watu wameahidiwa kamba wa Ramadhani. Azimalize kwanza hizo oda. Ndipo tugawane."

Nikamwambia neno kwa neno, kwa adabu, macho chini. Kisha nikafungua karatasi nikaanza kusoma. Mwenye hoteli wa Ikwiriri. Mama lishe wa Kibiti. Yule wa Mbagala wa jumla. Kila mmoja na kilo zake. Nilisoma kwa sauti ya kujaa, taratibu, nikihakikisha hata walio mbali wanapata. Mzee alikuwa anajua bei ya kamba wabichi, na alikuwa anajua kumenya ni kazi ya namna gani ingawa hajawahi kumenya. Nilimwona akipiga hesabu. Mzee mmoja pembeni alianza kucheka ndani ya sahani ya pilau akajifanya amepaliwa. Sitasema kwamba sikufurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu ya msiba.

Nilikuwa nimepanga kuuruka mstari wa kwanza, lakini karatasi ilikuwa inapita mkono kwa mkono, na mtu mmoja akausoma. "Na huyu wa kilo moja ni nani? Namba yake kama naijua."

"Ni marehemu," nikasema.

Aliyeuliza akanirudishia karatasi mkononi. 

Mzee alikuwa wa kwanza kuongea. Alisema biashara hizi za kuanika kamba ni mambo ya wanawake, wateja wabaki na mjane, yeye hana haja nao. Lakini laini anaondoka nayo, maana ina jina la ndugu yake. Nikasema achukue. Nilikuwa nimeshasajili laini nyingine kwa kidole changu, na namba za wateja ninazo mahali patatu, na jioni ile ile kila mmoja angepata meseji kwamba mama wa kamba amebadilisha namba. Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kukusanya karatasi.

"Ila ile kilo ya marehemu," akasema mzee, "nipewe miye. Mrithi wake si miye?"

Nimewahi kuona watu wenye roho ngumu. Nimefanya kazi na wapangaji, wakopeshaji, na maafisa. Sijawahi kuona mtu anayedai kamba wa futari wa maiti. Nilimgeukia, na heshima yote niliyolelewa nayo ilikuwa imeniisha. Najua nilichokuwa nataka kusema, na mpaka leo najuta kwamba sikukisema.

"Mwanangu, njoo," ikasema sauti.

Nikaingia. Mama mdogo alikuwa amefungua mfuko wa kamba aliokuwa ameuweka chini ya kitanda, wale wakubwa, wekundu, ambao hakuwa anauza. Alipima kwa mkono, hana haja ya mizani. Akatia kwenye mfuko mpya, akaufunga vizuri kama anavyowafungia wateja wa mbali, mafundo mawili.  

"Mpe. Mwambie mirathi yake imetimia."

Nikampelekea. Aliupima mfuko kwa kiganja, akanusa, akautia kwenye mfuko ule ule wa kanzu alimotia simu. Akasema Mungu amrehemu marehemu, na watu wakasema amina.

Oda za Ramadhani zilikwenda zote. Jirani walikuwa wanamletea kamba wabichi mlangoni, akachemsha na kumenya uani kwake akiwa eda, miye nikawa napokea mizigo Nyamisati na kuisafirisha. Kila iliyofika nikaandika imefika. Nilipomaliza ikabaki moja. Nikampigia kwenye laini mpya, nikamwuliza niiandikeje ile kilo ya baba mdogo, maana kamba walitoka, walipimwa, na waliliwa.

"Waliliwa na nani?" akauliza.

Nikamtaja baba mkubwa.

"Aliyeagiza hajala. Iache."

Kila wiki natoa nakala mpya ya akiba, naiweka kwenye flashi, nyingine inakwenda Ruaruke. Kabla ya kufunga huwa napitia oda zisizofika, ndiyo kazi ya lile jedwali. Siku nyingine zipo nyingi, siku nyingine imebaki ile ya juu tu, kilo moja, inasubiri.